Pikapu ya Mayige Inagonga

Kila asubuhi, saa moja kasorobo, watu wa Somanda mjini Bariadi walijua kwamba Mzee Mayige ameondoka nyumbani. Hawakuhitaji kuchungulia dirishani. Walisikia tu.

"Kong'!" Hapo pikapu yake inatoka getini na kukata kona ya kushoto.

"Kong', kong'!" Hapo inavuka mtaro mbele ya nyumba ya jirani yake, fundi Nyanjige.

"Kong'!" Hapo imeingia barabara ya lami, na watu wanaweza kuendelea na chai.

Mbuzi walipisha njia mapema. Kuku walipisha mapema zaidi. Mwenye duka la kona hakuwa na saa ukutani, wala hakuona sababu ya kununua.

Mzee Mayige alikuwa mkulima wa pamba na mfugaji. Kwa miaka mingi alibeba mizigo kwa tela la kukokotwa na ng'ombe. Miaka miwili iliyopita alinunua pikapu nyeupe, kuukuu kidogo, yenye kiti kimoja kirefu mbele. Aliipenda sana. Kila Jumapili aliiosha kabla hajaoga yeye mwenyewe. Asubuhi alipeleka maziwa sokoni. Jioni alibeba majani ya ng'ombe, magunia ya mahindi, au ngoma za kwaya.

Mke wake, Scola, alikaa naye mbele. Scola aliimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisa. Masikio yake yalizoea kazi.

"Baba Elia," alisema siku moja, "gari linagonga."

Elia ni mtoto wao wa kwanza, aliyeoa na kuhamia Dodoma. Huko hakuna aliyemsumbua kwa mlio wowote.

"Siyo gari," alijibu Mayige. "Ni barabara."

"Barabara hii ni ya lami."

"Hata lami ina mashimo yake. Mengine yako kwa ndani."

"Na tukisimama nyumbani, ukazungusha usukani tu? Mbona hapo pia linagonga?"

Mayige alifikiri kidogo. "Basi ni kiti chako," alisema.

Scola hakubishana. Alijifunza ule mlio. Baada ya wiki moja aliweza kuutoa kwa ulimi, bila kosa. Siku moja walikuwa wakipita mahali palipo tambarare kabisa, akafanya, "Kong'!"

Mayige akakanyaga breki. "Umesikia hiyo? Hiyo ni mbaya kuliko zote!"

"Hiyo nilikuwa mimi," alisema Scola. "Kumbe unasikia."

Mayige akaongeza mwendo hadi sokoni.

* * *

Jumanne jioni simu ya Mayige iliita. Alikuwa mama yake, Bibi Milembe, anayeishi peke yake kijijini Mwamanyili, wilaya ya Busega. Kutoka Bariadi unapita Lamadi, kisha unafuata barabara ya Mwanza hadi kupita Nyashimo. Ni mwendo wa saa moja na nusu hivi.

Bibi Milembe alikuwa na miaka sabini na nane. Tangu mume wake afariki, Mayige alimwomba ahamie Bariadi. Alimwomba mwaka wa kwanza, Bibi akasema mihogo yake haijakomaa. Alimwomba mwaka wa pili, Bibi akasema kuku wake wanaatamia. Mwaka wa tatu hakutoa sababu yoyote. Alisema hapana, kisha akauliza habari za mvua.

Mayige alikuwa amejenga chumba kizuri upande wa mashariki. Kilikuwa na dirisha kubwa na sakafu ya saruji. Kwa miaka mitatu chumba kile kilikaliwa na magunia ya pamba. Kila Mayige alipopita mlangoni, aliangalia pembeni.

"Nimekubali," alisema Bibi kwenye simu.

Mayige alisimama. "Mayu, mama, umesemaje?"

"Umesikia. Njooni Jumamosi. Nitakuwa nimefunga vitu. Msipokuja Jumamosi nitajua mmebadili mawazo. Na mimi nitabadili yangu." Akakata simu.

Mayige alihamisha magunia ya pamba usiku huohuo. Scola alifagia, akapiga deki, akatandika shuka jipya. Hakuna aliyetaja gari. Lakini wote wawili walilifikiria.

"Mama atakaa mbele," alisema Mayige hatimaye. "Atausikia ule mlio njia nzima."

"Mlio wa barabara?" aliuliza Scola kwa upole.

"Mama Elia, tafadhali. Kesho nautengeneza."

* * *

Sasa lazima tueleze, kwa heshima zote, jinsi Mzee Mayige alivyotengeneza gari.

Jumatano asubuhi alifungua boneti. Alimwambia Scola azungushe usukani kidogo kushoto na kulia. Akaona fimbo ya chuma inayoshuka kutoka kwenye usukani. Mahali fulani fimbo ile ilikuwa na kiungo, na kiungo kilikuwa kinachezacheza. Kong'. Kong'.

"Nimemkamata!" alisema.

Hadi hapo alikuwa amefanya vizuri. Angeishia hapo, hadithi hii ingekuwa fupi.

Lakini Mayige alikuwa amekaa na tela la ng'ombe miaka ishirini. Alijua dawa ya kitu kinacholegea. Mpini wa jembe ukipasuka, unaufunga kwa ngozi mbichi ya ng'ombe. Nira ikilegea, unaifunga kwa ngozi mbichi. Ngozi ikikauka juani, inajikunja na kubana kama chuma. Kila mfugaji wa Simiyu anajua hivyo, na kwa majembe na nira ni kweli tupu.

Basi alikwenda kwa mchinjaji, akapata ukanda wa ngozi mbichi. Alikizungushia kile kiungo mara tisa. Alivuta, akafunga fundo. Kisha akapaka samli juu yake ili kiteleze. Akaacha boneti wazi juani kutwa nzima.

Alhamisi asubuhi, saa moja kasorobo, pikapu ilitoka getini. Ikakata kona ya kushoto.

Kimya.

Ikavuka mtaro. Kimya.

Mwenye duka la kona alichelewa kufungua.

"Umeona?" alisema Mayige, na uso wake uling'aa. "Mafundi wangenizungusha wiki nzima."

"Naona," alisema Scola. "Naona pia mbwa wanne wanatufuata."

Ilikuwa kweli. Harufu ya ngozi na samli ilikuwa imetoka nje ya boneti. Mbwa wa Somanda waliisindikiza pikapu hadi sokoni, wawili kulia, wawili kushoto, kama msafara wa kiongozi. Mayige aliwapungia mkono watu. Alikuwa na furaha mno.

Ijumaa furaha ilipungua. Usukani ulikuwa mgumu. Ngozi ilikuwa imekauka sawasawa, na kile kiungo, kazi yake ikiwa ni kukunjika, sasa kilikataa kukunjika vizuri. Mayige alikata kona ya kulia kuingia sokoni. Alipotaka kunyoosha, usukani haukurudi. Aliuvuta kwa mikono miwili. Uliachia ghafla, ukapitiliza upande wa pili. Akakanyaga breki.

Pikapu ilisimama ndani ya matikiti ya Shigela, muuza matunda.

Hakuna mtu aliyeumia. Matikiti matatu yalifariki papo hapo.

Shigela alikuja mbio, akaangalia matikiti, akaangalia gari. Kisha akaonyesha kwa kidole hatua tatu kutoka tairi la mbele. Palikuwa na kigoda.

"Mzee Mayige," alisema taratibu, "mimi hukaa pale. Nilinyanyuka kwenda kumpa mtu chenji."

Mayige alishuka. Aliomba msamaha mara nyingi. Aliporudi ndani ya gari, alikaa bila kuwasha.

"Twende kwa Nyanjige," alisema Scola. Safari hii hakutoa mlio wowote kwa ulimi.

* * *

Nyanjige alikuwa fundi wa magari mwenye gereji ndogo nyuma ya nyumba yake. Alikuwa binti wa Mzee Limbu, na alisomea ufundi chuoni. Alikuwa jirani yao kwa miaka sita. Mayige hakuwahi kumpelekea gari, kwa sababu alimfahamu, nyumbani kwa Mzee Limbu, tangu akiwa mtoto anayelia akichomwa sindano.

Pikapu ilifika polepole sana, mwendo wa ng'ombe, mbwa wakiwa nyuma.

"Mwadila, baba," alisalimia Nyanjige.

"Mwadila, ng'wana Limbu. Tuna tatizo dogo."

"Nalijua tatizo lako tangu mwezi wa nne. Nalisikia kila siku nikinywa chai. Nilikuwa nasubiri unialike." Akafungua boneti. Akainama karibu zaidi.

"Baba," alisema, "hii ni nyama?"

"Ni ngozi," alisema Mayige.

"Na hii?"

"Samli."

Nyanjige alifumba macho kwa muda. Mabega yake yalitikisika kidogo. Alipofumbua macho, uso wake ulikuwa wa kazi.

"Haya. Nitakueleza kwa utaratibu. Mama Elia, njoo na wewe, maana wewe ndiye abiria." Alionyesha ile fimbo ya chuma. "Hii inaitwa shafti ya usukani. Inatoka kwenye usukani na kwenda kwenye kifaa kinachogeuza magurudumu. Ukizungusha usukani, shafti inazunguka, na magurudumu yanageuka. Lakini haiendi moja kwa moja. Lazima ipinde kukwepa injini. Ndiyo maana ina viungo. Viungo hivi tunaviita krosi."

"Kama kiwiko?" aliuliza Scola.

"Zaidi kama kifundo cha mkono. Kinakunjika pande zote. Ndani yake kuna vyuma vidogo sana na grisi. Maji na vumbi vikiingia, grisi inakwisha, vyuma vinalika, na krosi inaanza kucheza. Ikicheza, inagonga. Unasikia kong' ukikata kona au ukipita kwenye matuta."

"Lakini nilizima ule mlio," alisema Mayige.

"Ulizima mlio, baba. Hukuzima ugonjwa. Gari lilikuwa linakuambia. Wewe ukalifunga mdomo."

Nyanjige alichukua kisu, akaikata ngozi. Akairusha mbali. Mbwa wanne waliaga gari, na hawakuonekana tena siku hiyo.

"Sasa tupime," alisema. "Injini imezimwa. Mama Elia, washa swichi tu, bila injini, ili usukani usijifunge. Utikise kidogo kushoto na kulia. Kidogo tu, kama unambembeleza mtoto."

Scola alitikisa. Kong'. Kong'. Mlio ulikuwa umerudi.

Nyanjige hakuishia pale. Alilala chini ya gari, akashika vyuma vinavyosukuma magurudumu, kimoja kimoja. Alitia jeki, akatikisa matairi.

"Mbona unahangaika huko, na ugonjwa tumeuona?" aliuliza Mayige.

"Kwa sababu vitu vingi mbele huku vinaweza kutoa mlio wa namna hii. Fundi anayebahatisha hukubadilishia kifaa kizima na kuacha kibovu. Huku chini kuko salama. Ni shafti." Alijifuta mikono. "Kiungo cha chini kimekwisha. Na bolti yake imelegea. Inatakiwa shafti nyingine, nzima, na krosi zake mpya."

"Basi kaza bolti tu," alisema Mayige haraka. "Kesho ni Jumamosi. Naenda kumchukua mama."

"Nikikaza bolti, krosi bado imekufa."

"Ichome. Piga weldingi, ishike."

"Hapana. Kiungo kikichomwa hakikunjiki tena, umeona leo sokoni. Na moto unaharibu ugumu wa chuma, kinakatika bila kuaga. Usukani hauchomwi, baba. Fundi yeyote akikubali kuuchoma, ondoa gari lako haraka."

"Shafti iko wapi?"

"Mwanza. Nikipiga simu sasa hivi, itapanda basi kesho asubuhi. Itafika hapa saa nane mchana. Nafunga, tunajaribu gari, jioni limekwisha. Mnaondoka Jumapili."

"Jumapili!" Sauti ya Mayige ilipanda. "Nimemsubiri mama miaka mitatu. Amesema Jumamosi. Humjui mama yangu! Kesho asubuhi naondoka, polepole, na Jumatatu utatengeneza."

Scola alishuka kwenye gari. Alitaka kusema, lakini Nyanjige alimtangulia.

"Gari ni lako, siwezi kukuzuia," alisema. "Ila weka mkono wako hapa. Shika krosi. Mimi nitatikisa usukani."

Mayige aliweka mkono. Nyanjige akaingia ndani, akatikisa. Mayige alihisi chuma kikihama ndani ya kiganja chake. Kilihama kama jino la mtoto lililo karibu kung'oka.

"Kikiachia itakuwaje?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Usukani utazunguka mikononi mwako kama sufuria tupu. Magurudumu yatakwenda yanakotaka."

"Kitaachia lini?"

"Sijui. Kinaweza kukaa mwezi. Kinaweza kuachia kesho, pale Lamadi kwenye malori, mama yako akiwa amekaa kati yenu."

Mayige hakutoa mkono mara moja. Aliendelea kushika kile kiungo, akiangalia chini. Kisha akautoa, akaufuta kwenye suruali yake safi.

"Piga simu Mwanza," alisema.

* * *

Kilichobaki kilikuwa kumwambia Bibi Milembe. Simu yake haikupatikana. Bibi aliwasha simu pale tu alipokuwa na jambo la kusema. Watu wengine wakiwa na jambo, walitakiwa wafike.

Mayige alimpigia Selestini, jirani wa Bibi kule Mwamanyili. Selestini alikwenda na ujumbe, kisha akarudisha simu baada ya nusu saa.

"Nimemwambia," alisema Selestini. "Nimesema gari ni bovu, fundi amesema lisiondoke, mtakuja Jumapili."

"Akasema nini?"

"Akasema sawa."

Mayige alimwangalia Scola. Scola alichukua simu.

"Shemeji, alisema 'sawa' kwa sauti gani?"

"Sauti ya kawaida."

"Ya kawaida ya watu, au ya kawaida ya kwake?"

"Ya kwake," alisema Selestini.

"Alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa amekalia sanduku. Baada ya kusema sawa, alinyanyuka, akalirudisha ndani."

Usiku ule Mayige hakula ugali wake wote. Scola alimaliza, kwa sababu chakula hakina kosa.

* * *

Jumamosi basi lilifika saa nane na robo. Saa nane na nusu Mayige alikuwa gereji na shafti mpya mapajani, ameipakata kama mjukuu.

"Leo hutakaa pembeni," alisema Nyanjige. "Utaona kila hatua. Siku nyingine ukipeleka gari kwa fundi mwingine, utajua kama anakudanganya."

Kwanza walisimamisha gari mahali tambarare. Waliweka mawe nyuma ya matairi. Magurudumu ya mbele yalinyooka kabisa.

"Gari lako halina lile puto linalovimba ghafla kwenye usukani wakati wa ajali," alisema Nyanjige. "Lingekuwa nalo, ningefungua betri kwanza na kusubiri. Puto likivimba usoni mwa fundi, fundi anapumzika wiki mbili."

Kisha aliufunga usukani kwa mkanda wa kiti ili usizunguke.

"Kwa nini?"

"Shafti ikitoka, usukani unabaki huru. Ukizunguka mara moja bila sisi kujua, tutafunga vibaya. Utaendesha moja kwa moja huku usukani umepinda. Sasa nataka rangi ya kuweka alama."

Nyanjige alitafuta rangi, hakuipata. Scola alifungua mkoba wake, akatoa rangi ya kucha, nyekundu. Nyanjige akapaka mstari juu ya shafti na mwingine mahali inapoingia, juu na chini. Hivyo gari la Mzee Mayige likapambwa vizuri kuliko wanawake wengi wa mtaa.

Alifungua bolti ya juu, kisha ya chini. Shafti ilitoka. Alimpa Mayige ile ya zamani kwa mkono mmoja, na mpya kwa mkono wa pili.

Mayige aliikunja mpya. Ilikunjika laini, kimya. Aliikunja ya zamani. Ilikwama, ikalia, ikaanguka upande. Unga mwekundu wa kutu ulimwagika kwenye viatu vyake.

"Niliendesha hii," alisema.

"Miezi mitatu," alisema Scola.

Nyanjige alisafisha mahali pa kuingilia kwa brashi ya waya, kwa sababu mle ndani kuna meno madogo yanayoshikana. Alipaka grisi kidogo. Alihamishia alama nyekundu kwenye shafti mpya, akaiingiza alama kwa alama.

"Angalia hapa," alisema. "Ncha ya shafti ina mfereji mdogo. Bolti lazima ipite kwenye mfereji huu. Hapo hata ikilegea, shafti haiwezi kuchomoka. Fundi mwenye haraka huingiza shafti nusu, anakaza bolti, na kwa macho unaona iko sawa. Kumbe imeshikilia kidogo tu. Na bolti ni mpya. Ya zamani imeshavutika."

Alikaza kwa spana yenye kipimo, ile inayolia 'tik' nguvu ikitosha. Spana ilisema tik mara mbili. Kisha alimwambia Mayige afungue mkanda, azungushe usukani hadi mwisho wa kushoto, halafu hadi mwisho wa kulia.

Mayige alizungusha. Alisubiri. Alizungusha tena, ameinamisha sikio.

"Kong'!" alisema Scola kutoka nyuma.

Mayige aliruka hadi kichwa kikagonga paa.

"Mama Elia!"

"Nilikuwa naaga tu," alisema Scola.

Walijaribu gari kwenye uwanja mpana, polepole, kisha kwenye matuta, kisha kwenye lami. Nyanjige alikaa pembeni ya Mayige, ametega sikio. Waliporudi alikagua bolti tena kwa spana.

"Liko tayari," alisema. "Baada ya wiki moja lilete nikague bolti. Na siku likianza kusema lolote, njoo siku hiyohiyo. Usije na samli."

"Wabeja, fundi," alisema Mayige. Lilikuwa neno la shukrani, na lilitoka moyoni. Ilikuwa pia mara yake ya kwanza kumwita fundi.

* * *

Jumapili asubuhi pikapu iliondoka Somanda bila mtu yeyote kujua. Walipita Lamadi kati ya malori. Mayige alishika usukani, nao ulifuata mikono yake na kurudi wenyewe. Walipoona ziwa upande wa kulia, Scola alianza kuimba. Mayige hakuimba. Alikuwa anafikiria lile sanduku.

Nyumba ya Bibi Milembe ilikuwa imefungwa mlango. Nje hapakuwa na mzigo wowote. Kuku walikuwa wakitembea uani kama kawaida, na kuku wa mtu anayehama hawatembei hivyo.

Mayige alizima gari. "Amebadili mawazo," alisema.

Mlango ulifunguliwa. Bibi Milembe alisimama kizingitini, amejifunga kanga mbili. Hakumwangalia mwanawe. Aliliangalia gari.

"Mwadila, mayu," alisema Mayige.

"Mwadila. Mmekuja na gari la nani?"

"Letu, mama. Lilelile."

"Siyo lenu. La kwenu nalisikia kuanzia njia panda. Mwezi wa sita mlipokuja, nilikuwa nimeshaweka maji ya chai kabla hamjafika kwa Selestini."

"Limetengenezwa. Ndiyo maana hatukuja jana. Fundi alisema tusiondoke nalo."

"Nawe ukamsikiliza?"

"Nilimsikiliza."

"Mara ya kwanza?"

Mayige alimwangalia Scola, lakini Scola alikuwa amepata kuku wa kuangalia.

"Mara ya tatu, mama," alisema Mayige. "Kwanza nilikifunga chuma kibovu kwa ngozi ya ng'ombe."

Bibi Milembe alikaa kwenye ngazi. Alicheka hadi kanga moja ikafunguka. Alipomaliza, alijifuta macho, na sauti yake ikawa nyingine.

"Nitakuambia kitu, Mayige. Chumba ulichojenga nilikipenda. Scola nampenda. Lakini kila mlipokuja, nilisikia lile gari lenu. Lilianza na breki zinazolia, mwaka juzi. Halafu mlango usiofungika. Halafu huo mlio wa kugonga. Nilikuuliza, ukaniambia ni barabara. Nikajisemea, huyu hasikii chuma kinachopiga kelele. Mimi mzee nikisema kwa sauti ndogo kwamba naumwa, atanisikia nani? Ndiyo maana niliendelea kukataa."

"Lakini Jumanne ulikubali."

"Nilichoka kuwa peke yangu. Lakini juzi Selestini aliposema unachelewa kwa sababu umemsikiliza fundi, nililala vizuri sana." Alinyanyuka. "Sanduku liko ndani, nililirudisha lisinyeshewe. Kuku wakamateni wenyewe. Mimi nina miaka sabini na nane."

Ilichukua saa nzima. Kuku wa Mwamanyili wana mbio. Hatimaye matenga yalijaa, kitanda kikapanda, sanduku likapanda, na jiwe la kusagia likapanda na watu watatu wakilisukuma. Bibi alifunga mlango, akampa Selestini ufunguo. Alikaa mbele, katikati, akafungwa mkanda. Aliugusa ule mkanda, akaunusa, akaukubali.

Walishika njia ya kurudi Bariadi. Upande mmoja kulikuwa na mashamba ya mpunga, upande mwingine ng'ombe. Walipopita Nyashimo, Bibi alisema kwa sauti ndogo sana, karibu kama anaongea na kanga yake:

"Goti langu."

Mayige aliwasha indiketa. Alipunguza mwendo, akatoka barabarani, akasimamisha gari mahali salama. Akazima injini. Akamgeukia.

"Goti gani, mama? La kulia? Linauma tangu lini? Nikusogezee kiti nyuma? Tupite hospitali?"

Bibi Milembe alimwangalia kwa muda mrefu, uso wake mtulivu kama wa hakimu.

"Haliumi," alisema. "Nilikuwa najaribu. Twende."